Kambare wa Tangi Letu

Mgeni aingiaye nyumbani kwetu hapa Njiro, kabla hajaketi wala hajapewa maji ya kunywa, hulitazama kwanza tangi la kioo lililo ubavuni mwa sebule. Si kwa kuwa ni zuri mno, bali kwa ukubwa wake. Urefu wake ni mita 2, upana sentimita 60 na kimo sentimita 60, yaani lita 720 za maji likijaa pomoni. Fundi wa vioo alilitengeneza kwa vioo vinene vya milimita 12, na fundi wa kuchomelea akatuundia meza ya chuma ya kulibeba, maana ukijumlisha maji na mawe uzito wake hukaribia tani nzima. Mama watoto alipoiona meza ile aliuliza kama tunataka kuegesha lori sebuleni. Hatukumjibu.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari ya kambare wa tangi hilo. Twajua ya kuwa si jambo kubwa katika dunia. Lakini katika jambo hili dogo tulisema neno tusilolijua mbele ya mtoto, nasi tukalipa gharama yake, na huenda nyumba nyingine inayotaka kufuga samaki ikafaidika kwa kusikia.

Samaki wetu wa kwanza walitoka Ziwa Tanganyika, na sababu yake ni maji. Maji ya huku kwetu hushuka Mlima Meru yakipita katika miamba ya volkano, nayo huchukua humo magadi na madini ya floridi. Floridi hiyo ndiyo inayowatia wenyeji wengi meno ya rangi ya kahawia; Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za kando ya Meru hupita kiasi hicho, hata pale Ngurdoto kikawekwa kituo cha utafiti ambako maji husafishwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa meno ya watoto ni msiba. Kwa mfugaji wa samaki, magadi yale ni rehema isiyotazamiwa, kwani samaki wa Ziwa Tanganyika hawapendi maji laini: maji ya ziwa lao hukaribia 9 katika kipimo cha uchachu na ubesi, na ya kwetu tulipoyapima yalionyesha 8.2. Kilichopungua ni chokaa, nasi tukatandaza chini kokoto za mawe ya chokaa. Kisha tukaweka hita ya kuyatia maji joto la nyuzi 25, maana mwezi wa Juni na wa Julai Arusha haina huruma na kiumbe aliyezaliwa Kigoma.

Walikuwamo samaki 15 wembamba waitwao na wataalamu Cyprichromis leptosoma, ambao hukaa kundi moja juu katikati ya maji. Walikuwamo wanne wenye milia wakaao mapangoni. Na walikuwamo sita wa rangi ya manjano kama embe bivu, ambao jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus leleupi. Hao sita walikuwa mali ya binti yetu wa pili. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na aliwanunua kwa fedha zake za Idi el Fitr ya mwaka 1443, mwezi wa Mei 2022, fedha ambazo ndugu zake walizimaliza kwa siku mbili katika peremende na baluni. Kila mmoja alimpa jina, na majina akayaandika katika daftari.

Basi juu palikuwa na samaki, mawe yalikuwa na samaki, lakini chini penye kokoto palikuwa patupu. Tukasema moyoni kuwa patupu pale panamtaka kambare. Yako maneno yanayozunguka kati ya wafugaji kwamba kila tangi kubwa lazima liwe na kambare wa kufagia uchafu. Maneno hayo si kweli. Hakuna kambare anayekula mavi ya wenzake. Yeye ni kinywa kimoja zaidi, naye pia hutoa uchafu wake. Anayesafisha maji ni bakteria wakaao katika chujio na kokoto, na mwenye nyumba anayebadilisha sehemu ya maji kila juma. Lakini sisi wakati ule tuliyaamini, kwa kuwa yalitupendeza.

Mwezi wa Julai mwaka ule tukakutana na muuzaji mmoja wa vifaranga vya samaki, hatutamtaja, naye alikuwa na kambare wadogo wenye urefu wa kidole. Walikuwa weusi, wenye sharubu, wachangamfu. Tukamwuliza, hawa hawatakua wakawa wakubwa? Akajibu kwamba samaki hukua kwa kiasi cha chombo chake, akiwekwa katika kioo hudumaa. Nalo hilo si kweli: samaki aliyedumazwa na chombo ni samaki mgonjwa, na kambare ni mgumu kuugua. Tukanunua watatu.

Tulipowamimina katika tangi binti yetu alikuwa amesimama pembeni.

"Baba, hawa hawatawala wangu?"

"Hawawali, mwanangu. Hawa hula taka tu."

Tulilitamka neno hilo bila ya kusita hata kidogo. Tulikuwa watu wazima, tuna tangi la lita 720, tulikuwa tumesoma kurasa kadhaa, na mtoto ameuliza. Aliyetuuliza alikuwa na haki ya kujibiwa kuwa hatujui.

Mwezi wa Agosti kambare wale wakawa wawili, kisha mmoja. Tukadhani wameruka nje, tukatafuta chini ya makochi. Mwezi wa Septemba akapotea mmojawapo wa samaki wa manjano, na baada ya siku chache wa pili. Tulimshuku paka wa jirani. Tukaweka mfuniko juu ya tangi, na mfuniko ukiwapo akapotea wa tatu. Binti yetu kila asubuhi kabla ya shule aliwahesabu, na kila alipokosa mmoja alipiga mstari katika daftari lake, asiseme kitu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba tuliamka kabla ya Alfajiri kutaka kutawadha. Tulipopita sebuleni na taa ya mkononi tukamwona kambare katikati ya tangi, na urefu wake sasa ulikuwa kama mkono toka kiko hadi vidoleni. Mkia wa manjano ulikuwa umetokeza nje ya kinywa chake. Tulisimama pale mpaka mkia ule ukaingia.

Asubuhi tulimwambia binti yetu kweli yote. Hakulia. Alitutazama, akasema maneno mawili: "Baba, ulisema." Kisha akachukua mkoba wake, akaenda shule.

Tumeonywa na wakubwa mara nyingi katika maisha yetu, wengine kwa ukali, wala hatukumbuki onyo lililotukaa kama maneno yale mawili.

Kwanza tulijifunza habari za kambare wetu kwa kuchelewa. Huyu ni kambare wa mito na mabwawa yetu, aliyepewa na mtaalamu Burchell jina la kitaalamu mwaka 1822, na sasa huitwa Clarias gariepinus. Hana magamba, ana sharubu nne kila upande, na juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama kijiti, ambacho kwa hicho huvuta hewa ya nje. Ndiyo maana huweza kutambaa katika majani ya umande kutoka dimbwi hadi dimbwi, na umeme ukikatika pampu ya hewa ikasimama, wenziwe wote hutweta naye hana habari. Hukua kupita mita moja na nusu. Hutembea usiku. Hula wadudu, konokono, vyura, mbegu, samaki, na hula ndugu zake wadogo, na kwa hiyo wale wawili hawakuruka nje ya tangi. Si mwovu. Ni samaki mzuri wa bwawa na mzuri wa chunguni, ambaye sisi tulimweka pasipo pake.

Tukamtoa, tukamtia katika pipa nyuma ya nyumba, na hapo yakaanza majadiliano ya nyumba nzima. Mtoto wetu mdogo alitaka tumwachie huru katika Mto Themi. Tukamkataza, tukamweleza ya kuwa samaki wa kufugwa huweza kupeleka maradhi yake mtoni, na mto ule haukomei Arusha, bali maji yake huingia Kikuletwa, yakaenda mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Tukamsimulia pia habari ya sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na jinsi miaka ya 1980 ilivyokuta aina kwa mamia za samaki wadogo wa ziwa lile zimeadimika au zimetoweka kabisa. Jirani yetu wa mkono wa kuume ni Msabato, naye hali samaki asiye na magamba, akatushukuru akakataa. Mwisho tulimpa jirani wa pili, aliye na bwawa la saruji na kambare wengine wa kimo kile kile.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, mwaka 2023, jirani huyo alituletea futari: bakuli la kambare wa nazi. Hatukuuliza ni yupi. Binti yetu alifuturu kwa uji na tende. Sisi wengine, twasema kweli, hatukukataa.

Tangi lilibaki na patupu pake. Samaki wa manjano walikuwa wamesalia wawili. Ilikuwa ni binti mwenyewe aliyerudi kwetu baada ya Idi akasema bado anataka kambare, ila safari hii atauliza yeye. Tukakubali. Tulimpa sharti moja tu, kwamba kila jibu alipatalo alitafutie la pili.

Kuna kisa mashuhuri cha mtoto Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege chake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawa akimchangamsha mtoto kwa kumwuliza habari za kijindege hicho. Wanavyuoni wameona humo ruhusa ya kufuga kiumbe mdogo nyumbani, maadamu analishwa wala hateswi. Twaitaja habari hii kwa sababu jamaa mmoja alituuliza kama tangi letu si jela. Tulimwambia ruhusa ipo, na sharti lake ndilo lililotushinda mwaka uliopita.

Binti alianza kwa kuwakataa wengi. Dukani waliletwa samaki wa Amerika ya Kusini wanyonyao kioo kwa midomo. Wanapouzwa wana urefu wa kidole, na wakikua hufika sentimita 40 na zaidi. Akawafuta. Aliletwa yule mwenye umbo la papa mdogo, atokaye mto Mekong huko Asia, ambaye hupita mita moja. Akamfuta. Aliletwa mwenye mkia mwekundu wa mto Amazon, mzuri kweli kweli, ambaye naye hupita mita moja na humeza kila kinachoingia kinywani. Akatutazama sisi kwanza, ndipo akamfuta. Walikuwapo vijisamaki wapole wa jamaa ya Corydoras, wadogo, wasio na dhara kwa yeyote. Nusura awachukue, mpaka akasoma kuwa wengi wao asili yao ni maji laini ya mito ya Amerika. Wangeishi katika magadi ya Meru kama mtu anayekunywa chai ya chumvi kila siku.

Ndipo akauliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: katika Ziwa Tanganyika lenyewe, samaki hawa wanakaa na kambare gani?

Jibu lilikuwa refu. Ziwa lile lina kambare wa namna nyingi, akiwamo hata mmoja atoaye mshtuko wa umeme, ambaye alifutwa mara moja. Wanaofaa ni wa jamaa ya Synodontis, ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita wenzao wa huko gogogo. Nadhani jina limetokana na sauti: samaki hawa husugua miiba ya mapezi yao ya kifuani ikatoa mkwaruzo unaosikika hata nje ya maji. Wana sharubu tatu kila upande, mwili mtupu usio na magamba, na madoa meusi juu ya rangi ya shaba.

Lakini gogogo nao si wamoja. Yule ajulikanaye sana, Synodontis multipunctatus, ana desturi ya ajabu, iliyoelezwa na mtaalamu wa Kijapani Tetsu Sato mwaka 1986. Samaki wengi wa ziwa lile hulea mayai yao kinywani. Mama huyaokota mara atagapo, akakaa siku nyingi karibu bila ya kula. Gogogo huyu huvizia wakati ule ule, akavamia, akala baadhi ya mayai, na kutaga ya kwake pale pale. Mama kwa haraka yake huyakusanya yote. Mayai ya mgeni huanguliwa mapema, na watoto wake hula watoto wa mwenye kinywa humo humo kinywani.

Binti aliposoma haya alikasirika. "Huyu mwizi," akasema.

Mama yake alikuwa akichambua mchele. "Si mwizi," akamjibu. "Mwizi anajua kuwa kitu si chake. Huyu ndivyo alivyoumbwa, na ziwa limekaa naye miaka mingi wala halikuisha samaki."

"Basi nimwache aje, mama?"

"Hapana. Ziwa ni kubwa. Tangi lenu ni dogo."

Hatuna la kuongeza juu ya hukumu hiyo. Twasema tu kwamba samaki wetu wembamba hutagia katikati ya maji na mama hudaka mayai yakiwa yanashuka, na kwa hiyo hatari yao ingekuwa ndogo kuliko ya wale wanaotagia juu ya mawe. Tulimwambia hivyo, naye akaandika, asibadili nia yake.

Aliyechaguliwa ni Synodontis petricola, aliyeelezwa mwaka 1959, mwenye urefu wa sentimita kumi au zaidi kidogo, ambaye hutaga mayai yake mwenyewe kati ya mawe asimtwike mtu mzigo. Ana madoa hata tumboni, na yule mvamizi tumbo lake halina madoa. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kutazama kabla ya kutoa fedha. Yuko na mwingine amfananaye, mdogo zaidi, ambaye Jeremy Wright na Lawrence Page walimtenga mwaka 2006 wakamwita lucipinnis, na wauzaji wengi huwachanganya wawili hawa. Kuchanganywa huko hakuna hasara kubwa, kwani wote wawili ni wapole, na kinywa chao hakiwezi kummeza samaki mzima wa kiasi cha wale wetu.

Mwezi wa Agosti 2023 mjomba wake alikuwa akirudi kutoka Kigoma, naye alituletea sita, kutoka kwa mfanyabiashara mwenye leseni, pamoja na hati za kusafirishia. Twasisitiza hati, maana samaki hai wana sheria zao, na ofisi ya uvuvi ndiyo ya kuulizwa kwanza. Walinyimwa chakula siku mbili ili wasichafue maji njiani. Kila mmoja alitiwa katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na gazeti katikati, kwa sababu mwiba wa gogogo hutoboa mfuko mmoja bila ya taabu. Kisha hewa ya oksijeni, kisha sanduku jepesi la kuzuia baridi. Zaidi ya kilomita elfu kwa basi. Mjomba alisema hakulala Singida nzima kwa kulishika sanduku magotini. Wote sita walifika hai.

Tuliwaweka katika chombo cha peke yao majuma matatu, kuangalia maradhi. Mtu asikimbilie kuwatia dawa, maana samaki asiye na magamba huumizwa upesi na dawa ambazo wengine huzistahimili. Wala asiwatoe kwa wavu. Miiba hujifunga katika nyuzi, na anayelazimisha humvunja samaki. Sisi twatumia bakuli. Chini ya tangi tulilaza vyungu vilivyopasuliwa nusu, kila samaki na kivuli chake na kimoja cha ziada, na chakula chao ni kile kinachozama, tukikitia baada ya taa kuzimwa, la sivyo wenye milia hukimaliza chote.

Mchana hawaonekani. Wageni huuliza kambare wako wapi, nasi huwaonyesha sharubu mbili kando ya chungu. Baada ya sala ya Isha, binti yetu hufunga kitambaa chekundu katika tochi, akakaa mbele ya kioo na daftari lake. Sisi hukaa naye. Mwaka wa kwanza alitaka kuhesabu mwenyewe, na tulipokosea hesabu alikuwa akihesabu tena bila ya kutwambia. Sasa hutuuliza, "Umepata wangapi, baba?" Tukiwa hatuna hakika twasema hatuna hakika, na hungoja mpaka tuhesabu upya.

Wale wawili wa manjano, kumbe, walikuwa dume na jike. Mwaka jana walitaga katika ufa wa jiwe upande wa hita. Gogogo walilipata, kama tulivyojua watalipata, kwa kuwa mayai na vitoto huliwa na karibu kila mkaaji wa tangi. Tulimwambia hivyo mapema, kabla hajauliza. Lakini ufa ule kwa ndani ni mwembamba kuliko mwiba wa gogogo. Mpaka tunaandika haya wamebaki watoto watatu humo, wakubwa wa punje ya mchele mara mbili, na daftari lina majina mapya matatu, yaliyoandikwa kwa penseli.